Ngazi Juu ya Kitanda cha Watoto

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya daktari wa macho, nikafungua jarida lililoachwa juu ya benchi. Kurasa nzima zilikuwa zinafundisha namna ya kupanga chumba cha mtoto: masanduku ya plastiki yenye magurudumu, rafu zenye umbo la twiga, kabati la rangi ya waridi. Picha zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni mtoto mwenyewe. Hapakuwa na soksi hata moja iliyopinduka wala ukuta uliochorwa. Nikalifunga.

Mimi nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kupiga chapa, zile herufi za risasi, mpaka mashine mpya zilipokuja kutufukuza. Shule iliniishia mapema, kwa hiyo nilijisomea palepale, mstari kwa mstari, nikiwa nimesimama. Najua maana ya kila kitu kuwa na mahali pake. Na chumba cha watoto kilichopangwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona hakikuwa na kitu hata kimoja cha dukani. Aliyekipanga hakuwahi kushika jarida ila kwa kufungia vifungo.

Tulikaa nyumba moja ya kupanga, mlango wangu unatazamana na wake. Alikuwa fundi cherehani wa kurekebisha mitumba: kupunguza suruali, kubadili zipu, kugeuza kola iliyochakaa upande wa pili ionekane mpya. Nani anageuza kola siku hizi? Ikichakaa inatupwa na shati lake. Hakuwa na mume, na alipoulizwa sababu alisema kila aliyeletwa alihitaji marekebisho mengi mno.

Alikuwa na kaka wawili. Yule anayemfuata alikuwa mpaka rangi, mtu mpole, kucha zake hazikupata kuwa za rangi moja. Mkewe alikuwa ametangulia, na yeye naye kifua kikamchukua, akaacha watoto wanne: binti mkubwa, mapacha wa kiume, na kitindamimba aliyekuwa bado anajifunza kuvaa viatu. Aliacha pia makopo yenye mabaki ya rangi chini, maovaroli yake, na ngazi moja ndefu ya mbao, vidato vyake vimechongwa kwa mkono na seremala ambaye hata kaburi lake sasa limepotea.

Baada ya mazishi ndugu walikaa kikao uani kwetu. Nilisikia kila neno, maana dirisha langu halina kioo. Aliyeendesha kikao ni kaka mkubwa, mtu wa ofisini, kalamu mbili mfukoni na zote hazina wino. Alikuwa ameshagawa kila kitu kichwani. Binti mkubwa aende kwake, kwa sababu mke wake alikuwa amechoka na wasichana wa kazi wanaotoroka. Mapacha wagawanywe, mmoja kwa binamu huyu, mmoja kwa binamu yule. Mdogo apelekwe kwa bibi mmoja wa mbali ambaye mwenyewe alikuwa anahitaji kuangaliwa. Na ngazi ataichukua yeye, aezeke banda la kuku.

Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema watoto hawagawanywi, watakaa kwake.

Kaka mkubwa akacheka, akawaangalia wenzake ili nao wacheke. Akasema chumba chake hakitoshi mende wanne, sembuse watoto. "Kabati lenyewe huna. Nguo zao utaziweka wapi, mdomoni?"

"Watoto si mafungu ya nyanya, kaka," akasema. "Shule zikifunguliwa njoo uone. Ukikuta nguo moja sakafuni, wachukue wote."

Mimi ndani nikajisemea huyu mama amejitia kitanzi. Watoto wanne, chumba kimoja, cherehani, jiko, na asikutwe na nguo sakafuni! Hata mimi peke yangu siwezi.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mwenye nyumba. Huyo aliamini kuwa misumari huua kuta. Mpangaji aliyegongea picha ya mama yake alifukuzwa na picha yake. Kwa hiyo kuta zote nne zilikuwa haramu. Sakafu ilishajaa. Fundi akalala chali juu ya kitanda, akakaa hivyo kwa muda mrefu, watoto wakadhani anaumwa. Kumbe alikuwa anaangalia dari. Upande mmoja dari ilikuwa imeng'oka miaka mingi na boriti moja, moja tu, ikaonekana. Mwenye nyumba alikuwa anaahidi kuiziba tangu enzi ambazo mimi bado nina kazi.

"Alikataza kuta," akasema. "Boriti hakuitaja."

Akaja kunigongea. Nilimwambia mgongo wangu hautaki. Akasema hajauita mgongo, ameniita mimi. Basi nikashika kamba, binti mkubwa akashika upande wa pili, tukaipandisha ngazi ya marehemu, tukailaza hewani juu ya kitanda cha watoto. Tuliifunga kwa kamba katikati tu, kwa kuwa boriti ilikuwa hiyo moja. Ikakaa kama mizani ya muuza duka, ncha moja dirishani na nyingine mlangoni.

Kisha akaleta maovaroli. Nani leo anajua kuwa ovaroli la mpaka rangi lina mifuko kumi na zaidi, mingine ndani ya mingine? Aliyakata, akaunga miguu kwa miguu, akapata mifuko mirefu ya kuning'iniza kwenye vidato. Mguu mmoja kwa mashati, mwingine kwa sare ya shule, na mifuko ya nyuma kwa soksi na kalamu. Makopo matupu akayasugua, akayatundika kwa vipini vyake. Makopo makubwa aliyajaza kokoto na saruji, akapandisha miguu ya kitanda juu yake, na pale chini ya kitanda yakaingia masanduku ya matunda yaliyofungwa kamba ya kuvutia. Mimi nilikuwa na droo moja ya herufi niliyotoka nayo kiwandani siku ya mwisho, vishimo vyake vyote vipo. Aliiomba iwe ya kuwekea vifutio na vikorokoro vya watoto, nikakataa. Siku ya pili kitindamimba akaja mlangoni kwangu, akasimama tu na kifutio mkononi. Wakaichukua.

Lakini kilichonishika ni rangi. Yale mabaki chini ya makopo, aliyafungua kwa bisibisi, akampa kila mtoto rangi yake, akapaka vidato vyake, makopo yake na kona ya sanduku lake. Binti mkubwa alipata buluu iliyobaki baba yake alipopaka zahanati. Pacha mmoja kijani cha geti la shule, mwenzake wekundu wa mlango wa bucha. Kitindamimba alipata manjano ya duka la vitabu, duka ambalo sasa wanauza vifuniko vya simu. Mtoto hajui kusoma lakini hapotezi shati lake. Na wakipita mjini wanaonyeshana: ile ni yangu, baba ndiye aliyepaka.

Tatizo lilikuwa mizani. Buluu na manjano zilikaa upande wa dirisha, kijani na wekundu upande wa mlango. Ukitoa sweta huku, kule kunashuka. Wiki ya kwanza niliwasikia kila asubuhi, puu, halafu vilio, halafu kicheko cha shangazi yao. Akawawekea sheria: anayetoa huku amwite wa kule, watoe pamoja. Anayeweka, vivyo hivyo. Mapacha, ambao walizaliwa wakipigana, siku moja walimnunia dada yao, wakatoa viatu vyao kimyakimya ili mzigo wake uanguke. Baadaye walipovirudisha, mzigo wao ukawaangukia wao wenyewe. Baada ya hapo ikawa ugomvi lazima umalizwe kabla ya kubadili nguo. Nimeishi na watu wazima wasiokuwa na sheria nzuri namna hiyo.

Shule zikafunguliwa. Kaka mkubwa akaja na mke wake, amevaa suti, na mkewe ameshika mfuko mkubwa mtupu wa kutia nguo za binti. Nilikuwa nimekaa kizingitini kwangu nikichambua mchele, na milango yote miwili ilikuwa wazi. Sikuchungulia. Niliangalia.

Walisimama katikati ya chumba, wakainama kuangalia chini ya kitanda, wakaangalia nyuma ya mlango, nyuma ya cherehani. Sakafu ilikuwa tupu kama kiganja. Mke wa kaka hata alifunua godoro. Fundi hakuinuka, alikuwa anapunguza suruali ya mteja.

"Tafuta vizuri, wifi," akasema. "Pengine iko moja imejificha."

Ndipo kaka mkubwa akainua macho. Akaiona ngazi yake ya banda la kuku imevaa mashati. Akauliza ile si ngazi ya marehemu? Akajibiwa ndiyo yenyewe. Akasema hakuna mtu aliyeruhusu itundikwe kama nyama ya buchani. Akajibiwa nyama huliwa, hii haijaliwa. Akaona maneno hayamsaidii, akarudi kwenye jambo lake. Alisema vizuri, amefurahi, chumba kimepangwa, hakuna ubishi. Hata hivyo binti mkubwa atakwenda naye, kwa sababu mkewe ameshaandaa mahali pa kulala. Watatu waliobaki atafikiria.

Binti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Sikuona uso wake, niliona vidole vyake vya miguu vimejikunja.

"Wa buluu ndiye yeye," akasema fundi bila kuacha kushona. "Ukimtaka, mshushie vitu vyake mwenyewe. Mimi mikono yangu haitashusha."

Mapacha waliangaliana. Mmoja akafungua mdomo, shangazi yake akamkata jicho, akaufunga.

Kaka mkubwa alikuwa mrefu, hakuhitaji kiti. Akaenda upande wa dirisha, akanyoosha mkono, akachomoa mzigo wa buluu wote kwa mpigo. Ncha ya dirisha ikapaa ikagonga dari. Ncha ya mlango ikashuka pale aliposimama mkewe. Zikamwagika kaptula, viatu, mpira wa matambara, vizibo vya chupa, na kopo jekundu lenye kifuniko kilichotobolewa ambamo pacha mmoja alikuwa anafuga mbawakawa. Wadudu wale walikuwa wamesubiri siku hiyo kwa hamu. Mama wa watu alirudi nyuma mpaka koridoni, akawa ananipiga piga mimi na mfuko wake, kana kwamba ni mimi niliyewazaa.

Alipopata pumzi akanyoosha kidole. "Nguo hizo sakafuni! Si ulisema mwenyewe? Nguo moja tu!"

"Nilisema," akajibu fundi. "Muulize mumeo nani kaziweka."

Ngazi ilikuwa bado inabembea. Kaka mkubwa, nampa haki yake, aliona kuwa ikiteleza kambani itamwangukia kitindamimba aliyekuwa ameshaingia chini yake kuokota. Akaruka, akaidaka ile ncha ya chini, akaiinua juu ya kichwa. Mzigo wa buluu ulikuwa umebaki pale dirishani alipoutupa. Fundi akanyanyuka, akauokota, akarudi nao kwenye kiti, akauweka mapajani. Kisha akaanza kutunga uzi kwenye sindano.

Watoto hawakungoja kuambiwa. Kijani kwa kijani, wekundu kwa wekundu, walirudisha kila kitu kwenye kidato chake, wakipenya katikati ya miguu ya baba yao mkubwa kama vile ni nguzo ya nyumba. Na kadiri walivyorudisha ndivyo ncha ile ilivyozidi kuwa nzito mikononi mwake. Suti ikampanda mpaka kitovuni. Jasho likamtiririka. Kiganja chake kilikuwa juu ya kidato kile marehemu alichokuwa akisimamia, kilicholika katikati kikawa kama kijiko, na niliona alipokigusa alikitambua, kwa sababu aliacha kuhema kwa hasira akawa anahema tu.

"Rudisha huo mzigo basi," akasema.

"Wa nani? Huyu si anaondoka?"

"Nitashika mpaka lini?"

"Mpaka useme."

Mkewe akiwa koridoni akasema asiseme. Akamwita jina la mtoto wao wa kwanza, namna wanawake wanavyomwita mume wanapotaka akumbuke anakolala. Yeye akafumba macho. Ngazi ikayumba, vizibo vya chupa vikalia ndani ya kopo.

"Haya. Binti akae."

Sindano ilipita kwenye kitambaa, ikatoka upande wa pili. "Na mapacha?"

"Wakae."

"Pamoja?"

"Pamoja. Wote wanne. Nipokeeni."

"Na ngazi?"

Nadhani alikuwa analifikiria banda la kuku. Fundi akakata uzi kwa meno, akatafuta rangi nyingine ya uzi kwenye kopo, akaikosa, akaendelea kutafuta.

"Na ngazi," akasema kaka mkubwa.

Ndipo fundi akampa binti mzigo wake. Yule mtoto akapanda kitandani, akautundika kwenye vidato vya buluu, polepole, shati kwa shati, ngazi ikalala sawasawa, na baba yake mkubwa akashusha mikono. Hakuweza kuikunja. Fundi akamletea maji, akamshikia kikombe mdomoni, kaka yake huyo aliyembeba mgongoni utotoni, naye akanywa.

Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni, akauliza, kwa sauti ya chini, ngazi itapatikana lini, maana kuku wananyeshewa.

"Kitindamimba akioa," akajibu, "nikumbushe."

Mwenye nyumba aliziba dari mwaka uliofuata, akaizungukia boriti ile kwa sababu hakuna aliyekubali kuishusha ngazi. Binti mkubwa sasa ana nyumba yake. Kwenye vidato vyake vya buluu kitindamimba anatundika makoti yake ya kazini, na kila anapotoa moja, bado anaita kule mlangoni kuna nani.