Bi Mkubwa na Bi Mdogo Ndani ya Kompyuta

Walimwita Masikio, na si kwa utani tu. Macho yake yalizimika angali mchanga, lakini masikio alipewa ya watu saba: sisimizi akikohoa ukutani, yeye humpa pole. Mwanamke huyu alifanya kazi hospitalini, chumba cha uchapaji. Madaktari husema maelezo ya wagonjwa kwenye kinasa sauti, naye huziba masikio kwa vipokea sauti, husikiliza na kuchapa. Mama yake na wanawe walikula kwa vidole hivyo.

Ndani ya kompyuta yake mlikaa wanawake wawili. Bi Mkubwa ni kisoma skrini, aliyeolewa zamani: chochote kilichoko kwenye skrini anakitaja, tena mbio mbio, mgeni angedhani bisi zinapasuka sufuriani. Bi Mdogo aliletwa juzi na hospitali: programu mpya ya kusikilizia sauti za madaktari, nayo hujisemea yenyewe, haitaki msemaji. Sasa weka wake wenza jiko moja uone. Huyu anasema fungua, yule anasema funga, kwa wakati mmoja na sikio lile lile, na Masikio katikati kama mume asiye na pa kulala.

Ndipo sauti za madaktari zikaanza kupotea. Mara ya mgonjwa wa figo, mara ya mama mjamzito. Watu wanakaa kwenye benchi wakingoja maelezo ambayo hayaji.

Usingizi ukamkimbia Masikio. Alijiogopa mwenyewe. Vidole hivi, alijiuliza, vimefuta nini wale wawili walipokuwa wakigombana? Aliyemfariji ni karani mwenzake wa meza ya mkabala, waliyemwita Asali kwa utamu wa ulimi. Alimletea chai, akamwambia asijilaumu, mashine hizi hata wenye macho zinawashinda.

Msimamizi wa hospitali, mwanamke wa maneno machache, hakuleta chai. Alisema kesho alasiri atakuja mwenyewe kuchukua maelezo ya mtoto anayepasuliwa moyo, maana daktari aliyeyasema amekwisha safiri na sauti yake ni hiyo moja tu.

"Yasipokuwepo, binti, kiti hicho anakaa mwingine."

Jioni hiyo Masikio alimpigia rafiki yake, kipofu mwenzake, naye akampa dawa: Bi Mkubwa alazwe. Asizimwe, alazwe ndani ya programu ile tu. Ukiwa humo, anasema Bi Mdogo peke yake. Ukitoka nje hatua moja, Bi Mkubwa anaamka. Asubuhi Masikio akafanya hivyo, na nyumba ikatulia kama iliyofiwa.

Alasiri ikafika. Sauti ya daktari kuhusu mtoto ilikuwepo. Aliisikiliza mwanzo hadi mwisho, akaisimamisha, akashika mashavu kwa viganja viwili apumzike kidogo kabla ya kuchapa.

Bi Mkubwa akaamka.

"Mtoto, upasuaji wa moyo," akasema. "Futa."

Kuna aliyetoka nje ya programu ile. Bi Mkubwa hasemi ndoto, husema kilichoguswa. Na mikono ya Masikio ilikuwa mashavuni.

Akateremsha mkono polepole hadi pale kilipokaa kipanya tangu kompyuta iletwe. Yeye hakukitumia, kazi yake yote ni ya vitufe, na kipanya chenyewe hakikuwa na waya. Alipapasa meza tupu. Basi ndivyo ilivyokuwa siku zote: kelele za wake wenza zilificha mkono wa mtu, naye akajipa hatia.

Akasogeza kipokea sauti kikaachia sikio moja. Chumbani palikuwa na pumzi moja zaidi ya yake, meza ya mkabala, imebanwa kama ya mwizi kabatini.

Apige kelele? Asali angesema maskini dada yetu amechanganyikiwa. Nani angesadiki masikio mbele ya macho?

"Una uhakika unataka kufuta?" akauliza Bi Mkubwa.

Kidole cha mwisho cha Masikio kikateleza hadi kitufe cha kughairi. Swali likaondoka. Mara likarudi. Akaghairi tena. Kipanya kinavuta, kidole kinazuia, na moyo wa mtoto wa watu uko katikati. Angechelewa kope moja tu, basi.

"Dada yangu, umechoka?" Sauti ya Asali ilikuwa tamu vilevile.

"Kidogo tu, kaka."

Swali likarudi mara nyingine, na hapo akasikia viatu vya Msimamizi kwenye korido. Akapunguza mwendo wa Bi Mkubwa hadi usemi wa kawaida. Mlango ulipolia, aling'oa waya wa vipokea sauti na kuinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyevamiwa.

"Una uhakika unataka kufuta?" Bi Mkubwa akauliza chumba kizima.

Mkono uliokuwa juu ya kipanya ukaanza kutetemeka, na Bi Mkubwa, asiye na siri, akataja kila ulipopita. "Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Hapana. Ndiyo."

Msimamizi akatazama mikono ile hewani, kisha meza ya pili.

"Asali, kuna nini chini ya gazeti lako?"

Asali akaanza kueleza kwamba alikuwa akimsaidia dada. Ulimi ukamkauka kabla hajafika mbali. Baadaye ilijulikana kuwa shemeji yake alikuwa ameahidiwa kiti kile, na viatu vya kazi alikwisha vinunua, vyekundu, vyenye kisigino kirefu cha kuchokolea embe.

Lakini saa ile Masikio hakujua hayo. Alijua tu kwamba swali bado liko kwenye skrini.

"Shusha mikono, binti," Msimamizi akamwambia kwa upole. "Uchape."

"Siwezi, mama. Kwanza kipanya kirudi mezani kwangu."