Chapati za Sabini na Tatu

Nilijiunga na klabu ya redio ya ridhaa kwa sababu ya hasira. Televisheni ya mama yangu pale Shauri Moyo ilikuwa ikikatakata kila jioni, na jirani mmoja akatuambia wabaya wetu ni wale watu wa ukumbi wa mtaa, wanaopiga gumzo na Wazungu kupitia mlingoti wa chuma ulio juu ya paa. Nikaenda kuwafokea. Nilikuta watu kumi wamezunguka kisanduku kinachokoroma. Badala ya kubishana nami waliniwekea kiti, na katikati ya ule mkoromo ikatoka sauti ya mtu wa mbali sana akiuliza kama kuna anayemsikia. Nilisahau kilichonileta. Waya wa televisheni ya Mama, tuligundua baadaye, ulikuwa umetafunwa na panya.

Mwaka uliofuata nilikuwa katibu, mtu wa kumi na moja katika klabu ya watu kumi na mmoja. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa naandika haraka na sina subira na watu wanaozungukazunguka maneno. Mchana nauza mapazia Eastleigh, ambako mteja akisema neno la kwanza mimi nishamalizia sentensi yake na kukata kitambaa.

Tabia hiyo ilimtesa sana Fundi. Fundi alikuwa mshona akala, vile viatu vya matairi, wa Kariokor, mtu mzima, mpole, na ndiye aliyekuwa mjuzi wetu wa mitambo. Alikuwa na kigugumizi kikali. Akianza neno, mimi nilikuwa namsaidia kulimalizia, na mara nyingi nilimalizia lisilo lake. Akitaka bisibisi nampa birika. Lakini mpe kigongeo, kile kidude cha kutuma nukta na vistari, na hakuna aliyemfikia. Nukta ni mlio mfupi, kistari ni mrefu, na kwa milio hiyo miwili Fundi alikuwa akiongea na dunia nzima bila kukwama hata herufi moja. Nyumbani kwake ni chumba kimoja, hakuna pa kusimamisha hata mti wa kuanikia nguo. Mlingoti wa ukumbini ndio uliokuwa mdomo wake.

Basi ikaja barua. Kamati ya ukumbi, ikiongozwa na mama mmoja mwalimu mstaafu anayeishi mkabala, ilituambia kwamba wakazi wamelalamika kuhusu televisheni zao, kuhusu radi, na kuhusu majasusi. Tulipewa mwezi mmoja tuonyeshe faida ya ule mlingoti kwa mtaa, la sivyo ung'olewe. Tukaamua kufanya maonyesho siku ya Jumamosi. Hapo ndipo tulipoanza kugombana.

Mwenyekiti wetu, dereva wa lori mstaafu, mzaliwa wa Ukambani na mtu wa sauti kubwa, alitaka mtaa wote uje. Alitaka spika, turubai, kwaya ya kanisa lake, na yeye mwenyewe kwenye maikrofoni. Fundi hakutaka mtu. Alitaka wanachama na watu watatu wa kamati, wakae kimya, watazame, waende zao. Klabu ikagawanyika katikati. Watu waliokuwa wakiazimana betri wakaanza kuketi pande mbili za ukumbi.

Mikutano yetu ina sheria moja tuliyoitoa hewani. Kwenye redio huwezi kumkatiza mwenzako. Unazungumza, ukimaliza unasema "ova", ndipo mwingine anabonyeza kitufe chake. Nasi mkutanoni hivyo hivyo: hakuna kufungua mdomo mpaka aliye mbele yako aseme "ova". Ni sheria nzuri sana ikiwa mwenyekiti wako si mwenyekiti wetu. Mzee yule aligundua kwamba asiposema "ova" hakuna awezaye kumjibu. Mkutano wa kwanza alihutubu kuhusu turubai, akanywa chai, akapokea simu ya mkewe, akarudi kwenye turubai, na sisi tumekaa tunamtazama, midomo tumeifunga.

"Mzee, sema ova," nikamwambia.

"Katibu, umevunja sheria. Andika kwamba umevunja sheria."

Nikaandika.

Fundi yeye alijibu kwa kijiko. Aligonga meza kwa nukta, akaikwaruza kwa vistari, na kwa kuwa kijiko si mdomo, sheria haikumhusu. Kumbukumbu zangu za mkutano huo bado ninazo: "Mwenyekiti alipendekeza kwaya. Fundi aligonga HAPANA. Mwenyekiti alipendekeza matarumbeta. Fundi aligonga HAPANA. Hakutoa sababu."

Mkutano wa pili mwenyekiti alijiuzulu, akatoka, akarudi kuchukua kofia, akajiuzulu tena. Mkutano wa tatu nilichoka. Niliwaambia kwamba watu wazima wanaoweza kuongea na Japani hawawezi kushindwa kuongea kutoka kiti hadi kiti, kisha nikatoa uamuzi: wanachama kumi na mmoja na kamati ya watu watatu, basi. Fundi ameshinda kwa kuwa bila yeye mtambo hauwaki. Mwenyekiti atafariji nafsi yake kwa chakula, maana mama yangu amejitolea kupika. Mwenyekiti akanuna. Mimi nikajiona jaji.

Usiku ule nikamtumia Mama ujumbe: "Tumekubaliana. Chapati na madondo, Jumamosi saa nne asubuhi. 73."

Wanaredio wote huagana hivyo. Sabini na tatu maana yake ni salamu, kila la heri. Tunaisema hewani, tunaiandika kwenye simu, mkono ukishazoea huulizi tena. Nilishawahi kuiandika kwenye risiti ya mapazia. Ila Mama si mwanaredio. Mama ni mwanamke wa kutoka mkoa wa Magharibi ambaye ameandaa matanga na harusi tangu nikiwa tumboni, na akitajiwa idadi ya watu haulizi ni akina nani. Anauliza sufuria.

Jumamosi saa tatu na nusu ulikuja mkokoteni. Kwanza niliona sufuria mbili za madondo, maharagwe ya mchuzi, za ile saizi ya kuogea mtoto. Kisha mabeseni ya chapati yaliyofunikwa kwa leso. Nyuma yake alikuja Mama na wanawake wanne wa chama chake, macho mekundu kwa moshi.

"Mama, hiki ni nini?"

"Chapati mbili mbili, watu sabini na watatu. Na sita za akiba, maana najua watu. Kwani wageni wako wapi?"

Nilimweleza.

"Wewe mtoto. Tumeamka saa nane usiku. Wanawake hawa wamekanda unga mpaka mikono imevimba. Ati salamu? Salamu si uniambie hujambo?"

Mwenyekiti alikuwa amesikia yote. Sijawahi kumwona mtu akifufuka hivyo. Alipapasa shingoni akatoa filimbi, kumbe alikuwa nayo siku zote, na kabla sijamshika alikuwa barabarani akitangaza kwamba chapati ziko ukumbini, bure, njooni muone mitambo. Mama naye hakungoja uamuzi wa kikao. Alituma wenzake wagonge milango.

Nikageuka kumtafuta Fundi. Alikuwa akitoka na koti lake mkononi.

Nilimkuta getini. Nikaanza kumwomba radhi kwa kasi yangu ile ya Eastleigh, akainua kiganja ninyamaze.

"Wa, wa, wata..."

"Watavuruga mitambo," nikamalizia. "Hapana, nitawazuia."

Alitikisa kichwa. Akatoa ufunguo mfukoni akaanza kugonga na kukwaruza chuma cha geti, polepole kwa ajili yangu, maana mimi husoma nukta na vistari kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Nilisoma herufi moja moja. WATANICHEKA.

Niliona haya, haya ya kweli. Mikutano mitatu niliandika kwamba hakutoa sababu, na sababu ilikuwa imekaa mbele yangu, haipewi nafasi ya kufika mwisho wa neno. Watu wa mtaa huu wamemwiga kigugumizi tangu utotoni. Sasa tulitaka asimame mbele yao wote aeleze mitambo.

"Hutasema neno," nikamwambia. "Wewe gonga. Mimi nitasoma kwa sauti. Wakicheka, watanicheka mimi."

Alinitazama. Anajua jinsi ninavyosoma. Nikaona bega lake likitikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akalivaa koti lake, akarudi ndani.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti aligawa viti. Mama wa kamati, yule mwalimu mstaafu, aliketi mbele kabisa na sahani mapajani, uso wa kusahihisha mitihani. Fundi alikaa akiwapa watu mgongo, akashika kigongeo, na ile milio ikaanza kutiririka. Watu wakanyamaza. Baada ya kuita na kuita, akajibiwa na mtu wa Bulgaria.

"Anasema habari za asubuhi," nikatangaza, jasho likinitoka. "Anasema kwao kuna baridi. Anasema..." Mtu yule alikuwa na mkono mwepesi, nami nilikuwa nimebaki nyuma. "Anasema mke wake ana urefu wa mita arobaini."

Mama wa kamati aliweka chapati chini.

"Rudia, tafadhali."

"Mita arobaini. Amemfunga juu ya paa."

Fundi aligeuka kwenye kiti. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Hewani tunatumia Kiingereza, na kwa Kiingereza waya na mke hutofautiana kwa herufi moja tu, na herufi hizo mbili hutofautiana kwa nukta moja. Mtu wa watu alikuwa akieleza kuhusu antena yake.

Wakati Fundi aliponiandikia neno sahihi kwenye karatasi nami nikalisoma kwa unyonge, ukumbi ulipasuka. Walinicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Mama yangu mwenyewe aliegemea sufuria. Kuanzia hapo kila mtu alitaka swali lake litumwe: kama huko wanajua madondo, kama mvua inanyesha, kama mke wa mita arobaini hajambo. Fundi aligonga yote, na majibu yakaja, na kila jibu nililosoma walimtazama yeye kwanza waone kama nimepatia. Akitikisa kichwa, wananizomea. Akikubali, wanampigia yeye makofi. Mgongo wake ulinyooka. Mwishowe alikigeuza kabisa kiti akakaa akiwatazama.

Mama wa kamati alisimama akijifuta mikono. "Hicho chuma kikae," alisema. "Ila saa moja jioni, wakati wa habari, mzime." Mwenyekiti alipuliza filimbi.

Watu walipopungua nilikuwa nje nikisugua sufuria na Mama, adhabu niliyopewa. Mwenyekiti alikuwa akikunja turubai lake, kwa maana lilikuwa limefika, sijui saa ngapi. Wakazi wachache walibaki wakiongea. Fundi akaja, akasimama mbele ya Mama. Hakuwa na kijiko wala ufunguo.

"A, a, asa..."

Akakwama. Watu waligeuka. Mama aliacha kusugua, akamtazama usoni na kungoja, sabuni ikimchuruzika mikononi. Shingo ya Fundi ilikaza. Nilihisi lile neno limekaa tayari kwenye ulimi wangu, nikafungua mdomo nimtolee, na mwenyekiti akanishika mkono kwa nguvu.

"Katibu," alininong'oneza. "Hajasema ova."

Nikafunga mdomo. Ni kimya kirefu kuliko vyote nilivyowahi kukaa, na hakuna mtu aliyecheka.

"A, asante, Mama," Fundi alisema. "Kwa cha, chapati. Sa, sa, sabini na tatu." Akavuta pumzi. "Ova."

"Walikuwa zaidi, baba," Mama akamjibu. "Hata zile za akiba ziliisha."