Siku Niliyonyamazisha Besi

Nakumbuka Jumamosi moja kule Nyakatuntu, miaka ya themanini. Nakusimulia, mwanangu, kwa kuwa umekuja na gitaa lako la besi, ukanipigia kelele sikioni kuuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kazi hii. Nimechoka, lakini jibu la nusu sitakupa.

Tulitoka Ndama alfajiri juu ya lori la kahawa kwenda kupiga arusini. Nilikuwa na mwaka wa tatu katika bendi nikipiga besi, na moyo umejaa. Mwimbaji wetu, Novatus, alikuwa na desturi ya kuwataja wapigaji katikati ya wimbo: wa solo, wa ridhimu, hata wa tumba. Mimi hakunitaja hata siku moja. Kijana hupenda sifa, na nani asiyezipenda?

Mchana ule, mbele ya spika ya besi iliyowekwa chini udongoni, alikuwa akicheza Bibi Paskazia, peku, anacheka. Ndiye aliyemlea bi arusi tangu mdogo. Novatus akaanza kutaja majina, akaliruka langu tena. Nikalaza kiganja juu ya nyuzi, nikaacha kupiga. Wacha waone, nikasema moyoni.

Hawakuona kitu. Vijana waliendelea kucheza kama kawaida. Aliyesimama ni Bibi Paskazia peke yake. Akaitazama miguu yake, akarudi mkekani, akaketi. Bi arusi alimfuata kumwinua, akakataa.

Wimbo ulipokwisha, Mzee Respicius, kiongozi wetu, alinijia.

"Uzi umekatika?"

"Hapana, mzee. Nilitaka wajue kuwa nami nipo."

Akanionyesha mkekani kwa kidole. "Yule bibi ni kiziwi, huu mwaka wa kumi. Bi arusi ndiye aliyeniomba asubuhi spika yako tuiweke chini. Bibi alikuwa anakusikia wewe tu, kwa nyayo. Nenda ukamwambie ulichofanya, husoma midomo."

Nikaenda, nikapiga magoti. Kabla sijafungua kinywa, bibi akanishika mkono.

"Mwanangu, masikio yaliniaga zamani. Leo na miguu imeniaga, siku ya arusi ya mtoto wangu."

Nilipaswa kusema, bibi, miguu yako ni mizima, ni mimi. Nikaona aibu. Nikamwashiria apumzike, nikarudi kupiga. Nilipiga hadi jua likashika vilima, na hakuinuka tena. Alifariki kabla ya msimu wa kahawa uliofuata, akiamini miguu ilimsaliti. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu nimemlea miaka yote hii.

Basi jibu langu ni hili. Utaishi kwa besi, kwa shida, na wengi hawatalijua jina lako. Hasira hasara: usisusie kazi kwa sababu ya asiyekutaja, maana yupo anayekutegemea na humjui. Na ukikosea, kiri siku hiyo hiyo, hata kama uso unawaka.

Mungu akupe vidole visivyochoka na moyo usiodai makofi. Mimi masikio yangu spika zimekwisha kuyala. Chomeka hilo gitaa. Spika iweke chini hapa, karibu na miguu yangu, kisha univue viatu.