Popo Alinijia Nikiwa Nimevaa Kanzu

Nilimuua mimi, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Nimeshatafutiwa nyingi. "Mbwa tu huyo," wananiambia, "mbwa si mtu." Naam, si mtu. Lakini aliyenijia akiomba msaada ni yeye, na aliyemfungia geti ni mimi.

Jina langu niachieni mwenyewe. Bagamoyo ni ndogo, na mama yangu bado anauza vitumbua pale Dunda. Sitaki wateja waanze kumnong'oneza.

Mimi ni mtu wa ndoto, jamani. Nikipanda mbegu moja ya papai, tayari nimeshajiona na shamba na vibarua. Shule niliishia kidato cha pili, ndoto hazikuishia popote. Nikapata kazi ya kulinda kiwanja cha tajiri mmoja upande wa Mbegani. Ukuta umejengwa, geti lipo, nyumba yenyewe bado msingi. Humo ndani nikamkuta Popo.

Alikuwa mtoto wa mbwa, jike, rangi ya mchanga, masikio makubwa kuliko kichwa. Ndiyo maana nikamwita Popo. Tajiri alimleta akamwacha hapo, basi tukalelewa pamoja na yale matofali. Wallahi nilimpenda! Nikiimba anakaa chini ananisikiliza mpaka mwisho, na mimi sauti yangu hata kuku wanaikimbia.

Lakini sikuwahi kumshika.

Sisi tumelelewa hivyo. Mate ya mbwa na majimaji yake ni najisi, yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama aliikubali kazi ile kwa sharti moja: "Mwanangu, usije ukaniingia ndani na mate ya mbwa. Humu watu wanasali." Basi nikajitafutia ufito. Popo nilimkuna mgongo kwa ufito, nikamkuna tumbo kwa ufito. Mbwa wengine wakiona fimbo wanatimua mbio. Yeye akiuona ufito anakuja mbio, anajigeuza chali. Alidhani ndio mkono wangu.

Sasa ikaja ndoto. Kule Mbegani watu wa Dar wanajenga kila kona, na kila mwenye ukuta anataka mbwa. Mama mmoja anayejenga jirani akasimamisha gari siku moja. "Kijana, huyu wako hazai? Mimi nataka wawili." Fundi wake naye akadakia kuwa anataka mmoja. Weee! Kichwa kikachemka. Nikachukua kipande cha bati, nikaandika kwa rangi nyekundu: MBWA WA ULINZI WANAPATIKANA HAPA. Mbwa wenyewe hata mimba haijaingia!

Popo alipoingia joto la kutaka dume mara ya kwanza nikamwita bwana mifugo. Ni mtu mpole, anazunguka na pikipiki yake kuchanja mifugo ya watu. Akamzunguka Popo, akamtazama mbele na nyuma.

"Ana umri gani?"

"Mwaka bado, bwana daktari."

"Na dume ni yupi?"

Nikamwonyesha dume la nyumba ya pili, lile la kizungu, kifua kama cha ng'ombe. Bwana mifugo akacheka kidogo, kisha akaona mimi sicheki.

"Kijana, huyu bado mtoto. Nyonga yake haijapanuka. Ukimpandisha na dude lile, watoto watakuwa wakubwa, watamkwama. Ngoja akomae, halafu umtafutie wa saizi yake."

"Nimekuelewa."

Na nilimwelewa kweli! Hilo ndilo linalonitafuna. Sikufanya kwa kutojua. Joto lile halijaisha nikampeleka Popo kwa lile dume. Kisa? Yule mama alikuwa ananiuliza kila akipita, na rangi kwenye bati langu ilikuwa imeshakauka. Ndivyo nilivyo. Ndoto ikinishika siwezi kungoja.

Mimba ikakua, Popo akawa tumbo tupu na masikio. Bwana mifugo alipopita akamwona. Hakunigombeza. Akanifundisha. "Siku akianza uchungu usimwache. Mtoto akitokeza na asitoke, mshike kwa kitambaa safi, mvute taratibu kuelekea chini, mama akisukuma na wewe unavuta. Na unipigie simu hapo hapo."

Kumshika. Neno hilo lilinikaa vibaya. Nikajipa moyo: mbwa wa mitaani wanazaa vichakani bila mkunga, wangu atashindwaje?

Uchungu ulimwanza asubuhi ya Idd.

Nilikuwa nimeshaoga, nimevaa kanzu mpya, nyeupe pe, mama amenishoneshea kwa fundi. Fulana yangu ya kazi nimeitundika msumarini. Shabani, rafiki yangu wa bodaboda, yuko nje ya geti anapiga honi. Ndipo Popo akatoka nyuma ya matofali, anatembea miguu ya nyuma imepanuka, analia kama kichanga. Nikaangalia. Vijiguu viwili vimetokeza, na mtoto hatoki.

Akaja moja kwa moja mpaka miguuni pangu. Amelowa mwili mzima. Akasimama, akaniinulia macho.

Mimi nikarudi nyuma. Nikaikusanya kanzu kwa mikono miwili, kama mtu anayevuka dimbwi.

"Oya! Takbira hizo, unafanya nini humo?" Shabani akapiga kelele.

"Popo anazaa!"

"Kwani wewe ndiye mumewe? Toka bwana, imamu hamngoji mtu!"

Nikacheka. Ee Mola wangu, nilicheka! Nikachukua ufito, nikamkuna mgongo mara mbili, nikamwambia, "Jikaze, nakuja." Nikatoka, nikafunga geti kwa kufuli.

Baada ya swala ningeweza kurudi. Sikurudi. Nyumbani kulikuwa na pilau, wajomba wamekuja kutoka Vigwaza, shikamoo na marahaba mkeka mzima. Ningewaambiaje watu wale kwamba nanyanyuka kwenye sinia la Idd kwa ajili ya mbwa? Niliona haya. Simu ninayo mfukoni, namba ya bwana mifugo imo, hata hiyo sikuipiga. Nikasema moyoni, leo sikukuu, nitamsumbua. Nikala. Nikaongezewa, nikala tena.

Jua lilikuwa limeshapinda niliporudi. Nikafungua kufuli, nikasukuma geti, likagoma. Kuna kitu kimelizuia.

Alikuwa Popo. Amelala chini ya geti, amechimba mchanga pale mpaka kucha zimetoka damu. Alitaka kutoka anifuate. Mtoto bado amemkwama, amekufa zamani. Lakini Popo alikuwa hai, na aliposikia sauti yangu akatikisa mkia. Mkia ukawa unapiga geti: pa, pa, pa.

Nikapiga simu nikilia. Bwana mifugo akafika na nguo zake za Idd, kanzu nyeupe kama yangu. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Akapiga magoti palepale kwenye damu na maji, na kanzu yake hiyo hiyo.

"Mshike kichwa."

Nikaanza kutazama huku na huku.

"Nimesema mshike kichwa!"

Nikakimbilia kwenye saruji, nikachukua mfuko mtupu, nivae mikononi. Niliporudi na mfuko wangu, bwana mifugo alikuwa ameshaacha kuvuta. Mkia umenyamaza.

Akampasua haraka, akatoa watoto wengine wanne. Mmoja alipiga chafya, tukampangusa, tukampa joto. Watatu walikuwa wameshakwenda na mama yao.

Hapo ndipo nikautupa ule mfuko, nikamshika Popo. Nilimshika masikio. Yalikuwa laini. Muda wote ule niliokaa naye, sikujua kwamba yalikuwa laini.

Bwana mifugo akaenda kwenye tanki la maji la ujenzi. Akachota udongo, akajisugua mikono, akajimwagia maji. Akaosha tena, na tena, mpaka zikatimia mara saba, na kanzu yake akaifanyia vivyo hivyo, akaianika ukutani. Akaniomba msuli safi. Akasali Alasiri palepale uani, akamaliza, akakunja mkeka.

Nilimwangalia mwanzo mpaka mwisho. Kumbe ilikuwa kazi fupi vile!

Yule mtoto mmoja nilimlea kwa maziwa ya ng'ombe na pamba. Safari hii kwa mikono yangu, sikujali. Alikuwa ananinyonya kidole. Wiki haikuisha, naye akafa.

Nilimwelezea mama yote, nikidhani atasema kama wengine, mbwa tu huyo. Alikuwa anakoroga unga wa vitumbua. Akauacha mwiko.

"Na ulikula pilau yangu huku unajua?"

"Ndiyo, mama."

Mpaka leo akinipakulia chakula hanitazami usoni.

Yule mama wa gari akasema, "Aa, pole. Ukipata mwingine nishtue." Tajiri naye ameshaleta mwingine, kajike kadogo. Nilichukua ule ufito nikamkune, akapiga yowe, akajificha nyuma ya matofali. Sijampa jina. Sina moyo.

Wewe unayetaka kuzalisha mbwa, na ndoto yako umeshaiandika kwenye bati, nisikilize. Usihesabu watoto kwanza. Mtazame jike wako, ujiulize: siku akinijia amelowa, analia, nimevaa nguo nzuri na watu wananingoja, nitamshika? Kama jibu unalitafuta, basi mwache asizae. Mimi maji yalikuwa kwenye tanki, fulana iko msumarini, na udongo ndio huo niliokuwa nimeukanyaga.

Kanzu ile bado ninayo. Imetundikwa nyuma ya mlango, siivai. Ni nyeupe mpaka leo. Haina hata doa.