Taa ya Salamu

Pale Kabambare, kitu chochote chenye waya kikigoma, watu hawahangaiki mbali: wanamwita Mado. Alirithi bisibisi za baba yake, fundi wa redio, akawa anapanda mapaa ya watu wakati wasichana wenzake wanafanya mazoezi ya kwaya. Wanaume waliomcheka siku zile ndio leo wanaomba aje kuangalia betri zao za sola. Pesa ya dhahabu ilipoleta taa zinazosikia simu, yeye ndiye aliyezifunga, na alikuwa akisema taa hizo zina utii kuliko watoto wa siku hizi. Ulimi anao, Mado. Ndiyo maana ni ajabu kwamba kwa Dorothée alikaa kimya muda wote ule.

Bwana wa Dorothée, Cirhuza, alikuwa mtu wa Bukavu aliyefuata dhahabu mpaka Lusangi, akaoa Kabambare, akajenga. Kutoka machimboni alirudi mara chache, maana barabara ile inavunja pikipiki pamoja na mgongo wa aliyeipanda. Basi akanunua kisanduku kidogo cheupe cha kuunganisha taa za nyumba na simu, Mado akakifunga, na tangu hapo kila jua likizama taa ya barazani iliwaka bila mtu kuigusa. Dorothée alijua ni nani: ni Cirhuza, amebonyeza simu yake huko huko Lusangi, anamtakia mkewe jioni njema. Alikuwa akiacha sufuria motoni na kutoka nje kuipokea salamu yake.

"Aksanti, bwana yangu," aliiambia taa, mbele ya majirani, bila haya.

Kisha ikaja mvua kubwa, na shimo likabomoka. Waliokuwa juu walipona. Cirhuza alikuwa chini. Mwendesha pikipiki aliyeleta habari alisema hata mwili haukupatikana, udongo umefunika kila kitu. Dada yake Cirhuza, Marie-Thérèse, anayekaa nyumba ya pili, alijitupa chini akaanza kuomboleza. Dorothée akamshika mikono akamwinua kwa nguvu.

"Wifi, nyamaza! Utalia mutu muzima, hajakufa? Ungoje jioni."

Jioni taa ikawaka. Dorothée akapiga vigelegele.

Wazee wa ukoo walikuja kumsihi, wakagonga mwamba. Hakukubali kukaa chini kwenye udongo kama mjane, hakukubali nguo nyeusi, na kila siku alimtengea bwana wake chakula. Hivyo matanga ya Cirhuza hayakufanyika. Utaomboleza vipi msibani, na mke wa marehemu anatabasamu barazani? Aliyeumia zaidi ni Marie-Thérèse, aliyekatazwa kumlilia kaka yake wa tumbo moja.

Na Mado alijua. Mara ya mwisho Cirhuza aliporudi nyumbani alimjia kibandani kwake, akiona aibu kidogo. "Kule rezo ya simu iko juu ya kilima tu," alisema, "na siku ingine nachoka sana kupanda. Fanya ile taa iwake yenyewe kila magaribi. Lakini usimwambie Dorothée, atasikia vibaya." Mado akaipangia taa saa zake, akacheka, akamwita mvivu wa mapenzi. Sasa kila alipoona mwanga ule jioni, alibadili njia. Alijipa moyo kwamba hakuna dhambi katika kunyamaza: nani ana roho ya kumnyang'anya mwanamke taa yake?

Ndipo kifurushi kikafika. Ndani mlikuwa na taa mbili na kamera ndogo inayosema, vitu ambavyo Cirhuza alivinunua Kasongo kabla ya shimo kubomoka, vikakwama njiani kwa sababu ya madaraja yaliyovunjika. Dorothée akamwita Mado mbio. Mado alimkuta amejipaka mafuta, amevaa kitenge kipya.

"Mado, mudogo wangu, unganisha hizi vitu. Banasema hii kamera inaongea. Leo nitamusikia."

Mado akafanya kazi yake. Kisanduku kiliviona vifaa vipya, kisha kikakataa kuvipokea: kilitaka ruhusa kutoka simu ya mwenyewe, Cirhuza. Wakangoja. Ruhusa haikuja, na ingetoka wapi? Ilibaki njia moja, kufinya kitufe cha nyuma mpaka kisanduku kisahau yote na kuanza upya. Yote, pamoja na lile agizo la magharibi.

"Finya basi," Dorothée akasema. "Cirhuza atawasha tena ku upande yake."

Kidole cha Mado kilikuwa tayari kwenye kitufe. Angeweza kudai vifaa vimeharibika njiani, na angeaminiwa. Alimwangalia mwenzake alivyojipamba, akashindwa.

"Yaya Dorothée, dada yangu, nikifinya, ile taa haitawaka tena. Hakuna mutu anaiwasha. Mimi njo niliipanga iwake yenyewe. Bwana yako njo aliniomba."

"Uongo. Wifi njo amekutuma."

"Hapana, yaya."

Dorothée akaichukua ile kamera mpya, akairudisha ndani ya kifurushi. Alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ndogo.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu kiangazi."

"Kiangazi alikuwa muzima."

"Njo vile, yaya."

"Basi hata ile wakati, haikuwa yeye?"

"Siku ingine ilikuwa yeye. Aliniambia, akipata nguvu atapanda kilima kuiwasha mwenyewe."

"Siku gani?"

 Aliyezijua siku hizo alikuwa chini ya udongo wa Lusangi. Machozi yakamshuka Mado kabla hayajamshuka mjane.

Dorothée akakichukua kisanduku mikononi mwake, akafinya kitufe kwa kidole gumba, akakandamiza mpaka Mado akamwambia imetosha. Wakatoka barazani, wakakaa. Jua likazama. Nyumba za jirani zikaanza kuwasha taa, moja huku, nyingine kule. Juu ya vichwa vyao hakukuwaka kitu. Dorothée alingoja, akazidi kungoja, mpaka giza likamficha hata mikono yake.

Hapo akateremka, akakaa chini kwenye udongo wa uani, akaita kwa sauti iliyosikika mtaa mzima:

"Wifi! Marie-Thérèse! Kuya hapa tulie. Kaka yako amekufa."