Uzio wa Anatole

Kuna watu wakiharibu kitu kimoja wanatosheka. Anatole wa Lweba hakutosheka. Alitaka uzio wa kuzuia ng'ombe wa Kamanzi, mfugaji wa milimani, wasikanyage mihogo yake. Wenzake walikata miti, wakasuka fito. Yeye, mvivu wa kuzaliwa, alikata vijiti vya kile kichaka cha miiba chenye maua mekundu na ya manjano kilichopamba parokia, akavichomeka ardhini, akarudi kulala.

Vikaota. Ng'ombe hawakupita. Anatole akatembea kifua mbele kama aliyeokota dhahabu machimboni Misisi.

Lakini ndege walikula matunda ya uzio huo, wakaenda kunya msituni, juu ya shamba. Miti ya huko imeachana, jua linafika chini, na kichaka kile hakitaki zaidi ya hapo. Kikafunika ardhi, kikafunga njia. Huko ndiko mkewe Rosette alikochuma uyoga mvua zikianza. Uyoga huo, ukikaushwa na kuuzwa mjini Baraka, ndio uliosomesha watoto. Mihogo ya bwana haijasomesha hata kuku.

"Baba Divine," Rosette akamwambia mumewe, "pori iko inafungana. Mvua ikifika nitapita wapi?"

"Nitachoma tu."

"Ile haisikiaka moto. Ng'oa na mizizi. Na anza na lupango yako, hii uzio ya miiba!"

"Lupango yangu usiguse! We mutoto wa bavuvi, utanifundisha moto?"

Kweli, hapa pori huchomwa kila kiangazi. Nyasi huungua, miti hubaki. Anatole akadhani kila kinachoota ni nyasi. Vichaka vilikuwa vimeparamia matawi, moto ukapanda navyo. Miti mikubwa ikaungua hadi vileleni.

"Umeona? Safi!" akasema, masizi puani.

Kamanzi akacheka, ameegemea fimbo yake. "Papa, umechoma nyumba, umeacha mende."

Mvua zikaja. Vichaka vikachipua kwenye visiki vyake, vinene kuliko mwanzo. Uyoga ule huota penye mizizi ya miti iliyo hai, nayo haikuwepo tena. Rosette akazunguka asubuhi nzima, akarudi na kikapu kitupu.

Siku hizi anakwenda upande wa Lusenda, msitu wa wakwe wa dada yake, kuomba ruhusa ya kuchuma kama mgeni. Nusu anawaachia wenyewe. Akifika nyumbani, Anatole anachungulia kikapu.

"Mbona uyoga kidogo hivi?" anauliza.