Tai ya Constant Kwenye Bandari ya Samaki

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Constant ilikuwa kuwaambia watu warudi kesho, na hakuna aliyeijua kazi hiyo kumshinda. Alikaa katika ofisi moja ya serikali mjini Kisangani, nyuma ya meza yenye miguu mitatu na tofali moja, tai shingoni, mkoba pembeni. Ukimletea karatasi, aliishika kwa vidole viwili kama nepi ya mtoto, kisha akakuuliza hati ya kutumwa kazini: "Ordre de mission iko wapi?" Ukiwa nayo, aliuliza nani ametia saini. Ukimtaja, aliuliza tarehe. Watu wazima wenye ndevu walitoka pale wakifuta machozi. Mshahara ulikuja ulipojisikia, lakini heshima ilikuja kila siku, na Constant aliishi kwa heshima hiyo, pamoja na samaki wa mkewe.

Asubuhi moja bosi wake, Chef René, mwanamume mwenye tumbo la mtu asiye na wasiwasi, aliwakusanya na kutangaza kwamba ofisi yao imeunganishwa na nyingine. Kwenye orodha mpya jina la Constant halikuwamo.

"Bon, Constant, rudia nyumbani. Tutakuita."

Constant aliyatambua maneno hayo. Yeye mwenyewe alikuwa ameyatumia kuwafukuza watu mia kadhaa.

Hata hivyo alisubiri. Kwa miezi minne alivaa tai kila asubuhi na kukaa barazani kwake, mtaa wa Mangobo, akiangalia barabara, mkoba magotini. Solange, mkewe na mama wa binti yao Chimène, alimvumilia. Yeye alitoka familia ya wavuvi wa Yanonge, na kila siku alipokea samaki kutoka kwenye mitumbwi ya kwao na kuwauza palepale kando ya mto. Siku moja alimwekea sahani ya chakula, akabaki amesimama.

"Papa Chimène, mimi minachoka. Kaka yangu Osée anatafuta mutu wa kupasua mbao kule Isangi. Minakupa siku tatu. Ao unakuya kutumika na siye ku bandari, ao unapanda mutumbwi ya Isangi."

Constant aliitazama mikono yake, ambayo haikuwahi kuinua kitu kizito kuliko muhuri. Lakini si msumeno uliomtia hofu. Kule msituni Isangi hakuna ambaye angejua kwamba yeye ni Monsieur Constant, na bila hilo hakujua yeye ni nani.

Kesho yake alikwenda bandarini mapema kabla ya Solange ili amshangaze. Alimshangaza kweli. Alivaa suti, akafunga tai, akachukua mkoba na daftari kubwa la kuandikia samaki.

Aliyekulia Kisangani anajua: mwanamume mwenye tai, mkoba na daftari kando ya mto hajaja kununua samaki. Amekuja kutoza ushuru. Mama wa kwanza aliyemwona alikohoa kwa nguvu. Wa pili akafunika beseni lake kwa kitenge na kulikalia. Wa tatu akajitwika lake na kutoweka. Mitumbwi mitatu ya Yanonge iliyokuwa inakaribia iligeuza pua, ikaelekea ng'ambo, Lubunga. Constant akadhani hawajamwona vizuri, akawapungia mkoba. Wakazidisha kasia.

Solange alipofika alimkuta mumewe peke yake kwenye matope, kama mgeni rasmi wa sherehe iliyoahirishwa. Mama Philomène, mkubwa wa wauza samaki, akachungulia kutoka nyuma ya kibanda.

"Solange, ule mutu wa taxe anasema weye ni bibi yake. Iko kweli?"

"Haiko mutu wa taxe. Iko bwana yangu."

"Alors umufiche! Leo hatukuuzisha hata mukia."

Siku ya pili Constant alikuja na kaptura ya kuchezea mpira. Hakuna aliyekimbia, na pengine ingekuwa heri wangekimbia. Kambare wa kwanza aliyemshika alimchoma mwiba kwenye kiganja, akapiga yowe lililowafanya akina mama washike mbavu. Mteja alipomwomba apunguze bei, Constant, kwa mazoea, akamwambia arudi kesho. Hakurudi.

Kisha akaja kijana wa shati la kijani mwenye kitabu cha risiti kisicho na jalada. Hakuna aliyejua ametumwa na nani, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kila siku alichagua samaki mmoja mnene katika kila beseni, akaondoka zake. Constant, akiwa amechuchumaa na kukinyonya kiganja chake, aliinua kichwa.

"Ordre de mission iko wapi?"

Kijana akaitazama kaptura.

"Tonton, vaa kwanza suruali."

Kisha akachukua samaki wa pili wa Solange, kwa ajili ya usumbufu. Hilo lilimuuma Constant kuliko mwiba. Walipofika nyumbani Solange hakugomba. Alikunja nguo za mumewe moja moja, akazitia kwenye gunia la safari ya Isangi.

Siku ya tatu Constant akafunga tai tena.

"Papa Chimène, unataka batupige?"

"Tangulia. Ambia Mama Philomène leo basikimbie. Leo tu."

Solange akaenda. Alisimama mtoni maji yakimfika magotini, akaita mitumbwi ya kwao mmoja baada ya mwingine, akiapa kwa majina ya marehemu wote wa ukoo kwamba yule mwenye tai ni shemeji yao. Constant alikaa nyuma ya mabeseni, daftari wazi.

Kijana wa shati la kijani akaja, akanyoosha mkono kwenye beseni la Mama Philomène. Constant akakohoa.

"Bonjour. Ordre de mission."

Kijana akaona tai. Akaona mkoba. Hakutambua kabisa kwamba ndiye yule wa kaptura, maana sura ya mtu wa kaptura nani huiangalia?

"Chef... niliiacha ku bureau."

"Bureau gani? Nani alitia signature? Tarehe gani?" Constant akafungua kalamu taratibu, kama zamani. "Na jina yako, unaandikaka namna gani?"

Kijana akaurudisha mkono wake.

"Minarudi kesho, chef."

"Ndiyo," alisema Constant, na furaha ikamjaa hadi masikioni. "Rudi kesho."

Kijana aliondoka akitembea. Alipofika kwenye kona alianza kukimbia. Kitabu cha risiti alikisahau, na karatasi zake zikafungiwa samaki wiki nzima.

Mama Philomène alimkagua Constant kuanzia viatu hadi tai, kama anavyokagua samaki mwenye macho ya mashaka.

"Kule ku bureau balikuwa banamulipa?" alimuuliza Solange.

"Mara moja moja."

"Huku atapata samaki mbili kila siku. Mais ile cravate asiitoshe mu shingo."

Solange akalimwaga gunia la Isangi siku ileile. Sasa Chimène, binti yao, analalamika kwamba kila siku ni lituma ya ndizi za kupondwa na samaki, samaki na lituma. Constant humsikiliza kwa raha isiyoelezeka.

Juma lililopita mama mmoja alikohoa. Vitenge vikafunika mabeseni. Mwanamume mwenye tai na mkoba alikuwa anateremka kwenye matope. Constant akashika kalamu, kisha akaona ni Chef René. Orodha ilikuwa imebadilishwa tena, na lile tumbo lilikuwa limepungua. Kwa miezi mingi Constant alikuwa amemtunzia mtu huyu maswali yake yote matatu. Aliangalia viatu vya René: vimepigwa rangi vikang'aa, soli zimekwisha. Akamwonea huruma, akaweka kalamu chini.

"Bamama, musikimbie," alisema. "Uyu anatafuta kazi."

"Anajua kazi gani?" aliuliza Mama Philomène.

"Ile yangu. Ni yeye alinifundishaka."

Mama Philomène akaikagua ile tai, akageuka kutazama ng'ambo ya mto.

"Bon. Kule Lubunga bamama hawana mutu wa cravate."